Wachagga Tuko Wangapi? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Sensa na Makabila

Tangu tulipochapisha idadi ya watu wa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha kama ilivyotangazwa baada ya sensa ya 2022, barua nyingi zilizotufikia hapa Moshi zimekuwa zikiuliza jambo ambalo matokeo hayo hayalitaji hata kwa mstari mmoja, nalo ni makabila. Baadhi ya barua hizo nimezifupisha, na majina ya waandishi wake nimeyaacha kwa ridhaa yao.

Mwanangu mhariri, wakati wa sensa ya 2022 karani alikaa sebuleni kwangu muda mrefu na kishikwambi chake. Aliuliza paa, choo, maji, mifugo, elimu ya kila mmoja, hata waliofariki ndani ya mwaka ule, lakini kabila hakuuliza. Sasa mjukuu wangu ananionyesha mtandaoni idadi ya Wachagga, na kila ukurasa una idadi yake. Takwimu hizo zinatoka wapi?
*Mzee wa Kiboriloni, Moshi*

Shikamoo mzee wangu. Karani huyo hakusahau, kwa kuwa swali la kabila halikuwemo katika dodoso lake, kama lisivyokuwemo katika sensa za 1978, 1988, 2002 na 2012. Mara ya mwisho kwa wananchi wa nchi hii kuulizwa kabila katika sensa ilikuwa Agosti 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, na baada ya hapo serikali iliamua kwamba taifa linalojengwa halihitaji orodha ya namna hiyo. Sensa za wakoloni za 1948 na 1957 ziliuliza kabila kwa bidii kubwa, jambo lisiloshangaza, maana utawala ule uliendeshwa kupitia machifu, na kila chifu alitakiwa awe na watu wake wanaojulikana, wanaolipa kodi na wanaosikiliza amri moja.

Kwa hiyo idadi yoyote ya Wachagga, Wasukuma au Wahaya inayosambazwa leo ni makadirio, na makadirio hayo hupatikana kwa njia ambazo mzee wangu anapaswa kuzijua kabla hajazikubali. Njia ya kwanza ni kuchukua sehemu ambayo kabila lilikuwa nayo mwaka 1967 na kuizidisha kwa idadi ya watu wa leo. Taifa lilikuwa na watu milioni 12.3 mwaka 1967, na mwaka 2022 lilikuwa na watu 61,741,120, yaani karibu mara tano kamili. Anayetumia njia hii anazidisha kila kabila kwa tano, kana kwamba makabila yote yamezaa kwa kasi ile ile, yamepata zahanati na shule kwa wakati ule ule, na watoto wote wameendelea kujitambulisha kama babu zao.

Tuipime kwa mkoa wetu wenyewe. Mwaka 1967 Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 652,722, na mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,861,934. Hiyo ni chini ya mara tatu, wakati taifa limekua mara tano. Kati ya 2012 na 2022 peke yake, Kilimanjaro uliongezeka kwa takriban asilimia 13 na nusu, na Arusha kwa takriban asilimia 39. Sababu za tofauti hiyo wenyeji tunaziishi: vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vingine vimebaki migomba michache na kaburi la babu, kwa hiyo vijana wakashuka tambarare, wakaenda Arusha, Dar es Salaam na kila mji wenye duka la kupangisha. Tena familia za mkoa huu zimepunguza idadi ya watoto mapema kuliko za mikoa mingi.

Hapo ndipo njia ya pili ya makadirio, ile ya kuuhesabu mkoa kana kwamba ndio kabila, inapoanguka. Sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mtu wa Kibosho aliyelala Mbagala usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 ni mkazi wa Dar es Salaam katika vitabu vya serikali, na yumo ndani ya wale 5,383,728 wa jiji lile. Wakati huo huo, wale 1,861,934 wa Kilimanjaro ni pamoja na Wapare wa Same na Mwanga, Wakahe, Wamaasai wa tambarare, watumishi waliohamishiwa hapa kutoka Songea au Kigoma, na wanafunzi wa vyuo. Laiti sensa ingefanyika usiku wa kuamkia Krismasi, tarakimu za Rombo na Marangu zingekuwa nyingine kabisa, na pengine maofisa wa mipango wangejenga shule ambazo Januari hazina watoto.

Ipo njia ya tatu iliyo na heshima zaidi, nayo ni ya wataalamu wa lugha. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikusanya makadirio ya wasemaji wa kila lugha nchini na kutoa atlasi mwaka 2009. Ni kazi kubwa na yenye manufaa, lakini inahesabu wasemaji. Mjukuu wako, kama ni mtoto wa mjini asiyejua Kimochi wala Kikibosho, lahaja zetu za Kichagga, zaidi ya salamu, atakuwemo katika hesabu ya kabila na asiwemo katika hesabu ya lugha. Basi mjukuu akikuletea tarakimu nyingine, mwulize kwanza imetoka katika njia ipi kati ya hizo tatu, na usishangae akikosa jibu.

Sisi ni Waarusha wa Sakina. Tukienda Dar tunaitwa Wamaasai, na huku nyumbani baadhi yetu wanakubali, wengine wanakataa. Je, serikali ilipokuwa ikihesabu makabila ilituweka peke yetu au chini ya Wamaasai?
*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Mliandikwa peke yenu. Sensa ya 1957 na ile ya 1967 ziliwaweka Waarusha katika mstari wao na Wamaasai katika mstari wao, ingawa lugha ni ya Maa kwa wote wawili na marika ni yale yale. Aliyepanga orodha alitazama makazi na kazi: Waarusha walikuwa wakulima waliokaa miteremko ya Mlima Meru tangu karne ya 19, jirani na Wameru, na walikuwa na utawala wao, ilhali wenye jina la Wamaasai walikuwa wafugaji wa mbugani waliowekwa chini ya utawala mwingine. Kama mpangaji angetazama lugha badala ya utawala, mngekuwa kabila moja, idadi ya Wamaasai ingepanda ghafla na Waarusha wangetoweka katika kitabu bila hata mtu mmoja kufariki.

Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote katika mada hii. Karani hakuti makabila yakiwa yamejipanga mlangoni. Anabeba orodha iliyoandikwa ofisini, na mtu anapojibu, jibu lake hutafutiwa nafasi ndani ya orodha hiyo. Sensa hupima watu kadiri orodha ilivyowakata.

Wachagga wenyewe ni mfano. Babu zetu walikuwa watu wa Machame, wa Kibosho, wa Uru, wa Kirua, wa Kilema, wa Marangu, wa Rombo, kila mahali na mangi, yaani chifu, wake, na vita kati ya Kibosho na jirani zake havikupiganwa na watu waliojiona kabila moja. Kahawa, chama cha ushirika cha KNCU kilichoanzishwa 1933, na hatimaye cheo cha Mangi Mkuu alichokishika Thomas Marealle katika miaka ya 1950 ndivyo vilivyoupa Uchagga sura ya watu wamoja. Sensa ya 1957 ilipokuja ilikuta jina moja lipo tayari, ikahesabu Wachagga zaidi ya laki tatu. Hesabu kama hiyo ingefanywa mwaka 1880 ingeleta makabila yapatayo kumi na zaidi, na hakuna hata moja lingeitwa Wachagga.

Nchini Kenya mambo yamekwenda vivyo hivyo. Jina la Wakalenjin lilianza kutumika kwa upana katika miaka ya 1940, ili Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet na wenzao wasimame pamoja, na sensa za kikoloni ziliwaandika Wanandi na Wakipsigis kila mmoja peke yake. Katika sensa ya 2019 Wakalenjin walikuwa 6,358,113, wa tatu kwa wingi baada ya Wakikuyu na Waluhya. Wamijikenda nao ni jamii tisa chini ya jina moja.

Zanzibar ni kisa kingine, na ndicho kinachonishangaza zaidi. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilianguka vibaya mno, na wakati huo huo wakaongezeka walioandikwa Wahadimu, Watumbatu na Washirazi. Watu hawakuhama wala hawakufa. Walijifunza jina lipi lina heshima na lipi linamshusha mtu machoni pa serikali, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mgao wa chakula ulipotolewa kwa kufuata asili ya mtu, na Mwarabu akapata mchele ambao Mwafrika hakupewa, funzo hilo likakolea.

Kuhusu Wamaasai, jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Namanga, wanajua kwamba wa kwao walikuwa 841,622 mwaka 2009 na 1,189,522 mwaka 2019. Upande wetu wa mpaka, ambako boma moja linaweza kuwa na ndugu pande zote mbili, hakuna tarakimu ya sensa tangu 1967. Kwa hiyo swali lenu la kama Waarusha ni Wamaasai au siyo halina jibu la kisensa leo. Wazee na malaigwanani, viongozi wa kimila wa Kimaasai, wanaweza kulizungumza bila kumsubiri karani.

Ninafundisha uraia katika sekondari. Wanafunzi wangu wanaona Kenya ikitangaza makabila yake waziwazi na kuuliza: Tanzania inaficha nini? Niwajibu vipi?
*Mwalimu, Usa River*

Mwalimu, waambie kwanza kwamba hata Kenya haikutangaza kila mara. Katika sensa ya 1999 swali la kabila liliulizwa na majibu yakawekwa kabatini. Ya 2009 yalitangazwa mwaka 2010, na siku ile ile serikali ikakataa matokeo ya wilaya nane, nyingi zikiwa za Mandera, Wajir na Garissa na nyingine za Turkana. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa umehesabiwa watu 962,143 mwaka 1999, na kufikia 2009 ulionekana kuwa na zaidi ya milioni 2.3. Wapo waliosema idadi imepikwa, wapo waliosema ni sensa za zamani ndizo zilizowapuuza watu wa jangwani, na shauri likaishia mahakamani. Ugomvi huo haukuwa wa takwimu tu, kwa sababu mipaka ya majimbo ya uchaguzi na fedha za maendeleo hufuata idadi ya watu, na mahali ambapo kura hufuata kabila, idadi ya kabila ni mtaji wa kisiasa.

Hata hivyo usiwaambie wanafunzi kwamba Kenya inahesabu makabila kwa ajili ya siasa peke yake. Sheria yao ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inazuia taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja, na sheria ya namna hiyo haiwezi kukaguliwa bila mtu kuhesabu. Na jambo dogo linalonifurahisha: mwaka 2009 zaidi ya watu laki sita waligoma kutaja kabila, wakajibu kwamba wao ni Wakenya, basi, nao wakawekewa mstari wao katika jedwali.

Uganda nayo huuliza. Mwaka 2014 Baganda, ambao ndio wengi kuliko wote, walikuwa asilimia 16.5 tu, na tarakimu hiyo inawasaidia wananchi wa Uganda kukumbuka kwamba hakuna kabila lenye wingi wa kutawala peke yake.

Rwanda ndiyo inayowatisha wengi, na ni haki watishike. Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho mwanzoni mwa miaka ya 1930; sensa ya 1991 ikasema Wahutu ni asilimia 91.1, Watutsi 8.4 na Watwa 0.4, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililoandikwa pale likaamua nani apite na nani auawe. Sisi wa Kaskazini tulipokea habari hizo kwa karibu, maana kesi za wahusika zilisikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Baada ya hapo Rwanda haikuuliza tena. Lakini mwalimu mwangalifu ataona kwamba kilichosomwa vizuizini kilikuwa kitambulisho chenye jina la mtu. Jedwali la sensa halina jina la mtu yeyote. Vitu hivi viwili huchanganywa sana katika mijadala yetu, na mimi nadhani kuvichanganya kunatufanya tuogope kile kisichotudhuru na kukinyamazia kile kinachoweza kutudhuru. Mtanzania yeyote aliyewahi kuandika maelezo polisi anajua kwamba pale kabila huulizwa, tena mbele ya jina lake kamili, na sijawahi kupokea barua ya kulalamikia hilo.

Wala kuacha kuuliza hakumalizi ugomvi. Nigeria iliondoa kabila na dini katika sensa ya 2006, na bado serikali ya Lagos ilikataa kuwa na watu milioni 9 wakati Kano imepewa milioni 9.4. Lebanon imekwenda mbali zaidi, haijafanya sensa tangu 1932 kwa kuogopa kujua madhehebu yamebadilika kiasi gani. Hapa kwetu, mwaka 2012, baadhi ya jumuiya za Kiislamu ziliwataka waumini wasihesabiwe mpaka swali la dini lirudishwe, kwa hoja kwamba takwimu za dini zisizo rasmi zilikuwa zikitumiwa dhidi yao. Serikali ilikataa, sensa ikaendelea. Hoja ya wale waliogoma siiungi mkono, ila kuna ukweli mmoja ndani yake usiopaswa kudharauliwa: pale serikali inaponyamaza, tarakimu za mitaani hushika nafasi, na hakuna wa kuzisahihisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanafunzi wako ni kwamba Tanzania haifichi, kwa maana huwezi kuficha usichonacho. Iliamua kutokujua, na uamuzi huo una faida zake na gharama zake.

Mimi ni Mpare, mume wangu ni Mmeru, watoto wamezaliwa Njiro na wanazungumza Kiswahili. Karani angeuliza kabila angewaandika nini?
*Mama Njiro, Arusha*

Kwa mazoea yetu, Wameru, kwa baba yao. Marekani tangu sensa ya 2000 inamruhusu mtu kuchagua asili zaidi ya moja, lakini katika sensa za Afrika Mashariki zinazouliza kabila, mtu mmoja hupewa alama moja, kwa hiyo upande wa Kipare wa watoto wako, dada yangu, ungepotea njiani. Familia kama yako sasa ni nyingi Arusha, Moshi na kila mji, na hilo peke yake linatosha kuifanya hesabu ya makabila ya leo iwe ngumu kuliko ya 1967.

Ninasoma chuo kikuu cha ushirika hapa Moshi. Je, kwa maoni yako, sensa ijayo irudishe swali la kabila?
*Mwanafunzi, Moshi*

Hapana, mwanangu, swali la kabila nisingelirudisha. Ila ningeongeza swali la lugha, na nitakueleza sababu.

Gharama kubwa ya kutokujua haiwaangukii Wachagga wala Wasukuma, ambao hakuna waziri anayeweza kuwasahau. Inawaangukia walio wachache. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi hukadiriwa kuwa zaidi kidogo ya elfu moja. Makadirio hayo hutoka kwa watafiti waliokwenda kuishi nao, kwa sababu sensa inawahesabu ndani ya vijiji ambamo wamechanganyika na Wairaqw, Wadatoga na Waisanzu, na matokeo ya kijiji hayaonyeshi nani ni nani. Afisa elimu wa wilaya akitaka kujua ni watoto wangapi wa Kihadzabe wenye umri wa kuanza darasa la kwanza ambao hawajaandikishwa, sensa ya watu milioni 61 haina cha kumwambia. Wadatoga wakidai kwamba wanapoteza ardhi na kutawanyika, madai hayo hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa tarakimu.

Swali la lugha lingesaidia kwa sehemu kubwa bila kurudisha orodha ya machifu. Lingeuliza mambo mawili: lugha aliyoanza nayo mtu utotoni, na lugha inayozungumzwa zaidi katika kaya yake sasa. Mtu akijibu Kiswahili kwa yote mawili, kama watakavyojibu watoto wa yule mama wa Njiro, hakuna wa kumlazimisha awe kitu kingine. Akijibu Kihadzabe kwa la kwanza na Kiswahili kwa la pili, tumejifunza kitu kuhusu lugha inayopungua. Walimu wa madarasa ya awali wangejua ni kata zipi watoto wanafika shuleni bila kuelewa Kiswahili, na zahanati zingejua mahali pa kupeleka muuguzi anayejua Kimaasai. Msomaji wa Sakina na jirani zake wa Monduli wangejibu lugha ile ile, bila kulazimika kuamua mbele ya karani kama ni kabila moja au mawili.

Ningeweka masharti pia. Matokeo yasitolewe kwa eneo dogo kiasi cha mtu kuweza kunyooshewa kidole, yaani yaishie ngazi ya kata na yafiche tarakimu ndogo sana. Jibu lisiunganishwe kamwe na namba ya kitambulisho cha taifa, ingawa sensa ya 2022 iliwauliza watu kama wana kitambulisho hicho. Na mtu awe huru kutokujibu. Pia swali lipitie kwanza katika sensa ya majaribio, kama ile iliyofanyika mwaka 2021, na majaribio hayo yafanyike Longido na Mbulu vilevile, siyo mijini peke yake, kwa sababu swali linaloeleweka Dodoma linaweza kumchanganya bibi wa Yaeda Chini ambaye karani atalazimika kuzungumza naye kupitia mkalimani.

Kwa utaratibu wetu wa miaka kumi sensa ijayo itakuwa 2032, na madodoso huanza kuandaliwa miaka kadhaa kabla. Kama unalitaka swali hili, au unalipinga, andikia Ofisi ya Taifa ya Takwimu mapema, dodoso likiwa bado rasimu.